Siku Niliyomwacha Mama Mkwe Msituni

Assalamu alaikum. Wenzangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wagonjwa wenzangu wa sukari wa hapa kijijini Wema, poleni na jua. Nimeombwa nieleze nilivyorudi kwenye baiskeli, na sista wetu wa zahanati amenionya nisitie chumvi, kwa hiyo nitasema yalivyokuwa.

Zamani nilikuwa na baiskeli ya gia, ile ya tairi nene zenye meno. Sikupenda barabara. Nilipenda kile kijia cha msituni kinachofuata mto, chembamba, mkikutana wawili mmoja anaingia kichakani. Mizizi ya mikuyu imekatiza njia na miiba ya mikindu iko pande zote. Mimi nilikipita mbio huku naimba. Ndugu zangu, nilijiona sana.

Sasa mvua ikafunga barabara, na mama mkwe alitaka kuja kwetu kumwona mjukuu aliyezaliwa. Nikasema nitamleta mimi. Akakaa kwenye keria, upande, na kwa heshima hakunishika mimi. Alishika chuma cha kiti. Katikati ya msitu nikaona baiskeli imekuwa nyepesi. Nikasema moyoni, leo nina nguvu. Nikaongeza mbio, nikaongeza na wimbo.

Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni na mtoto mkononi. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

Niligeuka nikaitazama keria kama vile itanijibu.

Nilirudi nikamkuta amekaa kando ya njia, anachomoa miiba kwenye leso. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuita mara tatu." Tukarudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma nasukuma. Siku hiyo hiyo niliitundika baiskeli kwenye banda la kuku, na miaka kumi na tano sikuigusa.

Nikanunua pikipiki. Shambani pikipiki, msikitini pikipiki, dukani pikipiki, na duka lenyewe mnalijua, ukipiga chafya nyumbani kwangu mwenye duka anakuombea afya. Tumbo likatoka, sukari ikaingia. Siku moja nilikanyaga mwiba nikashinda nao bila kujua. Mke wangu ndiye aliyeona damu kwenye kandambili. Kidonda kikakaa miezi. Kilipofunga, sista akaniambia, "Mzee, usipoutumia mwili huu, safari nyingine mguu utakatwa." Hapo niliogopa kweli. Lakini magoti hayakutaka kutembea. Ikabaki baiskeli. Nikaishusha bandani, nikaijaza upepo, nikaingia nayo kijia kile kile.

Mzizi wa kwanza nilianguka. Wa pili nilianguka kabla sijaufikia, kwa woga tu. Niko chini, baiskeli iko juu yangu, akatokea jirani yangu Muorma na ng'ombe wake. Ni mtu wa adabu. Akasimama, akaegemea fimbo, akaanza salamu.

"Mzee, hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Malisho huko kwenu?"

"Yapo."

"Na mbona uko chini?"

"Napumzika."

Akafikiri kidogo. "Na baiskeli nayo imechoka?" Ndipo akaniinua.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kuacha. Kumbe mama mkwe amekuja kututembelea, anakunywa chai. Akaona matope, akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Mama, nilijaribu kupita kile kijia. Lakini tangu siku ile nilipokuangusha, aibu haijanitoka. Nikifika pale naanguka mwenyewe."

Akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia nilianguka?"

"Sasa ilikuwaje?"

"Niliruka. Nilikuita upunguze mbio, hukusikia, nikaona afadhali miiba. Sikukwambia, maana mtu hamwambii mkwewe kwamba anaendesha kama mwehu." Akachukua kikombe chake. "Na ule wimbo pia ulinichosha."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi kwanza nilikasirika. Miaka kumi na tano. Halafu nikasikia kifua kimefunguka, nikacheka na mimi.

Kesho yake asubuhi nilirudi msituni. Nilikwenda polepole, nikashika breki kabla ya kila mzizi, mdomo nimefunga. Nyani walikaa juu wakingoja nianguke, wakachoka, wakaenda zao. Sasa nakwenda mara tatu kwa wiki hadi kivukoni na kurudi. Juzi sista alinipima, akaniambia sukari imeshuka. Alipima mara ya pili, hakuamini.

Namshukuru sista kwa ukali wake, jirani yangu kwa kuniinua, mke wangu kwa kunivumilia, na mama mkwe, ambaye alingoja niulize. Nawaambia, kama kuna mtu unamkwepa kwa jambo la zamani, na yuko hai, nenda ukamuulize yeye aliionaje siku ile. Mimi sikuuliza, na karibu nipoteze mguu.

Asanteni. Sasa naomba nikae, na nitakaa taratibu, kwa sababu jana nilipita kijia chote bila kushuka, na makalio bado hayajanisamehe.