Shingo ya Gitaa la Baba Mdogo

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, fundi wa magitaa, ambaye wengi wenu mlimwita Robo, na nitayasoma yote, hata lile alilotaka lisifichwe.

Baba alizaliwa tarehe 9 Mei 1955, wa kwanza kati ya ndugu wawili, akamaliza shule ya msingi mwaka 1969, akasomea useremala katika chuo cha ufundi, na mwaka 1978 akafungua karakana yake nyuma ya duka la viatu, chumba kilichonukia gundi na vumbi la mbao.

Shingo ya gitaa ikivutwa na nyuzi kwa muda mrefu hupinda, nyuzi zikanyanyuka na vidole vikaumia, na ndani yake kimo chuma chembamba chenye nati ya kukikaza, hivyo Baba alilegeza nyuzi, akazungusha nati robo mzunguko tu, akaiacha mbao hadi kesho yake, ndipo akafumba jicho moja na kuikagua tena, na mteja mwenye haraka aliambiwa aende akamharakishe mkewe, kama anathubutu.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 12 Desemba 1981, wakapata watoto watatu, mimi binti yao nikiwa wa kwanza.

Tarehe 3 Agosti 1991 baba mdogo, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi, alileta gitaa lake mchana akilitaka jioni ile ile, na Baba, kwa kumwonea huruma mdogo wake, aliikaza nati kwa mkupuo mmoja, nyuzi zikiwa zimevutika, chuma kikakatika, naye akamwambia kwamba mbao ilikuwa mbovu, tena kwamba kosa ni la mdogo wake mwenyewe kwa kuliacha gitaa juani. Baba mdogo aliacha muziki akawa dereva wa lori, na kila alipokuja kututembelea, Baba alizima redio.

Mwaka jana Baba aliugua figo, na jioni ya tarehe 16 mwezi huu alimwita mdogo wake hospitalini, akamweleza ukweli, akaomba msamaha, naye baba mdogo akajibu, "Kaka, nilijua. Nilikuwa mlangoni, nikakisikia chuma kikikatika. Nilinyamaza ili ikuume." Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema basi imemuuma vya kutosha, lakini baba mdogo alikuwa ameshainamia shuka analia, na kabla hajasema zaidi muuguzi akatuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alfajiri yake Baba alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia mama, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo.

Baba mdogo hawezi kusimama, ameniomba niseme kwa niaba yake: kaka, nisamehe, ningekuambia siku ile kwamba najua, tungegombana, yakaisha.

Pumzika, Baba, kwa amani.