Harriet Vosburgh, Aliyesubiri Kicheko

Marehemu Harriet Vosburgh alizaliwa Scranton, Pennsylvania, tarehe 3 Machi 1908, binti wa mchimba makaa. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akashona mashati kiwandani, na huko aliwachekesha wenzake mpaka msimamizi akamfukuza.

Mwaka 1931 alipata jukwaa New York. Mchezo ulimhusu bi harusi aliyewaficha wachumba wawili jikoni kwa mama yake, na Harriet alikuwa bi harusi huyo mara 412. Alijua pa kunyamaza ili watu wamalize kucheka, maana neno likisemwa katikati ya kicheko limepotea.

Kampuni moja ya Hollywood ilipoununua mchezo huo mwaka 1934 ili iufanye filamu, ilimwita ajaribiwe mbele ya kamera. Riziki yake ya uigizaji ikakatikia hapo. Kamera ikianza, studio nzima hunyamaza kwa amri. Harriet alitoa mzaha wa kwanza, akasubiri. Akatoa wa pili, akasubiri.

"Dada, umesahau maneno?" mwongozaji akauliza.

"Sijasahau. Nawangoja wacheke."

"Utangoja sana! Hapa hacheki mtu, tunarekodi sauti. Haya, mwingine!"

Nafasi alipewa nyota wa kampuni. Harriet aliajiriwa kusimama mahali pa nyota huyo mafundi wakipanga taa. Taa zikikaa sawa, anaambiwa apishe. Alipisha nyota mmoja baada ya mwingine kwa miaka kumi na tisa. Ilituuma sisi wa nyumbani kwake, na hatukumwambia.

Tarehe 12 Juni 1935, mjini Glendale, aliolewa na fundi taa, Orville Dacey. Walikwenda pamoja kuitazama ile filamu. Watu walicheka hata maneno yaliyofuata yasisikike, palepale alipokuwa akinyamaza yeye jukwaani.

"Umeona, Orville?" alisema. "Si niliwaambia?"

Orville aliona. Wenye kampuni hawakumwita Harriet ajaribiwe tena.

Saratani ya koo ilimpata mwaka 1953. Mchana wa tarehe 9 Novemba 1954, hospitalini Los Angeles, alitutazama tuliomzunguka, akanong'ona: "Mbona mmenuna kama watazamaji wa Jumatatu?" Kisha akanyamaza, akasubiri, kama alivyozoea. Sote tulikuwa tunalia. Akafumba macho hajacheka mtu.

Ameacha mume, Orville, na mdogo wake, Lottie, anayewasomea haya. Hakujaliwa mtoto. Apumzike sasa, asisubiri tena.