Wafua Chuma wa Brennock Hawahamishwi

Mgeni rasmi, Kamishna wa Ligi, Bi Lenore Askew; Mstahiki Meya; mmiliki wa timu, Bwana Whitcomb Sayles; wachezaji wetu; na wana Brennock wote mliofika:

Mgeni rasmi, sisi mashabiki wa Jukwaa la Kumi na Nne tunakukaribisha mjini kwetu. Umeendesha gari kwa saa tano kwenye theluji ya Ohio kuja kutuona, na kwa hilo tunakushukuru kwa dhati. Tuliagizwa tusherehekee miaka mitano tangu timu ifufuke, tuwe wafupi na tuwe wachangamfu. Ufupi tutajitahidi.

TULIKOTOKA

Timu yetu, Wafua Chuma, ilianza mwaka 1979, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mpira wa magongo wa barafuni. Zulia la kijani lilitandikwa juu ya barafu ili lichezwe soka, wachezaji sita kila upande, na uwanja ukazungushiwa mbao. Mpira ukizigonga unarudi mchezoni. Watu walitoka zamu kwenye matanuri ya chuma wakaja moja kwa moja, masizi usoni.

Kwenye dirisha la pili la tiketi alikaa Bi Glenda Pruchnik, wakati huo ana miaka ishirini na saba. Aliwajua watu wake. Aliweza kutazama mkono unaopokea tiketi akatambua nani kafiwa na nani kaachishwa kazi.

Mwaka 1988 mmiliki wa siku zile aliihamisha timu bila kuaga. Bi Glenda alifika kazini Jumatatu akakuta mlango umefungwa kwa mnyororo, na watu wamesimama nje na tiketi zao za msimu mzima. Walimuuliza yeye, kwa kuwa ndiye waliyemjua. Alisimama nao mpaka saa sita mchana, kwa aibu isiyokuwa yake. Huko ilikopelekwa, timu haikumaliza misimu miwili.

ILIVYOFUFUKA

Mwaka 2012 Bi Glenda alikwenda na dada yake kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Walipofika kwenye mbuzi, alisimama ghafla. Zizi lilikuwa la mbao nyeupe, na chini ya kinyesi kilichokauka palionekana rangi nyekundu na nusu ya nyundo, nembo yetu. Akapiga magoti palepale kwenye majani makavu, akaanza kukwangua kwa funguo za gari.

Mtunza mbuzi, Bwana Orville Staats, ambaye leo ni mwanachama wetu, alimwendea taratibu.

“Mama, hapo ni zizini.”

“Hapa ni kona ya kusini,” alisema Bi Glenda.

“Kona ya kusini ya nini?”

“Ya uwanja wetu. Nipe ndoo.”

Orville anasema alidhani jua limempanda kichwani. Hata hivyo ndoo aliileta.

Maonyesho yalipokwisha, tulikuwa watu kumi na wawili tukisugua mbao. Tulizisimamisha ndani ya duka kubwa la vyakula lililokuwa limefungwa, pale palipokuwa na majokofu ya nyama, tukaanza kucheza kila Ijumaa. Siku ya kwanza walikuja watu arobaini. Mwaka wa tatu tulikuwa tunawarudisha watu mlangoni kwa kukosa nafasi. Ligi ikatuambia kurudi kwenye soka la kulipwa kunataka mmiliki mwenye uwezo. Akaja Bwana Sayles. Jina la timu lilikuwa limesajiliwa kwa Bi Glenda, naye alimpa bure, kwa sharti moja aliloandika kwa kalamu yake chini ya mkataba: timu haitaondoka Brennock. Bwana Sayles alitia sahihi pembeni yake. Mwaka 2019 tukacheza mechi ya kwanza, na wengi wetu hatukuiona vizuri kwa machozi.

KINACHOTUUMA

Mgeni rasmi, mlangoni umepewa kitabu cha historia ya timu, kurasa arobaini za karatasi ya kung’aa. Ukurasa wa tatu unasema timu ilifufuliwa na maono ya mtu mmoja, naye si Bi Glenda. Yeye yumo katika picha moja tu, ameshika ndoo. Chini yake pameandikwa: “Mfanya usafi.”

Hatuna dharau na wafanya usafi. Tuna hasira na uongo.

Novemba iliyopita, katika mkutano wa mashabiki, Bi Glenda alisimama akauliza kama ni kweli timu inahamishwa. Bwana Sayles alijibu kwamba yale maneno ya kalamu yalikuwa matakwa, si sharti. Bi Glenda akamwambia, “Nimeshawahi kusimama na watu kwenye mlango uliofungwa. Safari hii nataka kujua mapema.” Kesho yake alipewa barua ya kumzuia kuingia ukumbini msimu mzima, kwa usalama wa wachezaji. Ana miaka sabini na mbili. Nahodha wetu ana kilo tisini na tano.

TUNAYOOMBA

Alhamisi ligi inapiga kura kuhusu kuhama. Tunaomba mkatae. Tunaomba ukurasa wa tatu uandikwe upya. Na Bi Glenda afunguliwe mlango. Hivi sasa yuko nje, ndani ya gari la dada yake.

Asubuhi hii ofisi ya timu ilituletea ujumbe. Tukiiondoa katika hotuba hii sehemu inayosema kinachotuuma, Bi Glenda ataruhusiwa kuingia na atakaa kiti cha mbele, karibu nawe. Tunakiri kwamba tulipiga kura na tukakubali kuiondoa, maana tulitaka mno kumwona ndani. Tukampelekea hotuba nzima, tukamwonyesha sehemu ya kutoa. Aliisoma yote, akasahihisha jina la Orville tulilokuwa tumelikosea, akaturudishia kupitia dirishani.

“Isomeni yote,” alisema. “Timu ikiondoka, nitakaa kwenye hicho kiti nitazame nini?”

Mungu akurudishe kwako salama, mgeni rasmi, na Alhamisi akutie nguvu mkononi.

Ni sisi, Mashabiki wa Jukwaa la Kumi na Nne, Brennock.
Imesomwa kwa niaba yao na Walter Kosiba, beki wa zamani.