Tarsisi Lushinge na Mchuzi wa Kagongwa

Ndugu, jamaa na majirani, mliosimama juani na mliowahi turubai, aliyelala hapa ni Tarsisi Lushinge, Baba Monika, fundi karasha. Anayewasomea ni shemeji yake Pantaleo, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu walimu walishaishiwa cha kumfundisha. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, hairudiwi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1971 hapa hapa Masumbwe, mtoto wa mwisho wa mzee Lushinge. Alitoka ametanguliza miguu. Mkunga akasema huyu atasafiri sana. Basi alifika Kagongwa. Ndiyo hiyo safari yenyewe, na ndiyo iliyotunyima usingizi.

Darasa la saba alimaliza mwaka 1986 bila kurudia hata mwaka mmoja, na ukoo wao wameringia jambo hilo mpaka leo. Akajifunza kuchomelea vyuma Kahama. Mwaka 2009 akaenda Mwakitolyo, akafunga karasha la kusagia mawe ya dhahabu yeye na rafiki yake Wiliam. Lilikuwa likinguruma mpaka kuku wa jirani wanataga kabla ya siku zao. Ukimwita Tarsisi mara tatu haitiki, ujue hajanuna, ni karasha limekula masikio.

Ndoa alifunga tarehe 20 Julai 1996 na Lukresia, binti yetu wa Ushirombo, wakapata watoto wawili, Monika na Denis. Sisi upande wa mke tulimchunguza miezi sita tusione kasoro. Hapo ndipo Lukresia alipoanza kuwa na wasiwasi. Mwanaume asiye na kasoro, alisema, ameificha mahali.

Mwaka 2021 aliamini ameipata. Kila Jumamosi Tarsisi alikuwa akitoka Mwakitolyo, anashukia Kahama, anakuja nyumbani. Ghafla akaanza kuchelewa, na kondakta mmoja akamwambia Lukresia kwamba mzee siku hizi anapitia Kagongwa. Sasa Kagongwa haiko njiani. Mtu wa Masumbwe akionekana Kagongwa, ama ananunua mchele, ama ana lake jambo. Na mchele hakuwa anakuja nao.

"Baba Monika, Kagongwa kuna nini?"

"Najifunza salsa."

"Ndiyo nini hiyo?"

Marehemu, Mungu amrehemu, hakujua kudanganya, na siku ile kungemfaa. Akajibu alivyofundishwa: "Ni neno la Kihispania. Maana yake mchuzi."

"Mchuzi!" Lukresia akaweka mwiko chini. "Mchuzi gani unaufuata Kagongwa ambao kwangu haupo?"

Akamweleza kwamba ni dansi la watu wawili. Babu zetu walichukuliwa utumwani wakavushwa bahari mpaka Kuba na ngoma zao kichwani, Wahispania wakaongeza gitaa, likatoka dansi. Baadaye santuri zikarudi Kongo, wazee wakazisikiliza wakapata rumba. "Kumbe ni kitu cha kwetu," akasema, "kilikwenda kusoma nje kikarudi."

"Na unajifunza ili iweje?"

"Nimependa tu."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mtu wa machimbo, miaka hamsini, anafanya kitu kwa kupenda tu? Nani aliwahi kuona? Lukresia akakunja nguo zake, akaziweka tayari kurudi Ushirombo. Alibakiza kumwona huyo mwanamke kwa macho.

Huko Mwakitolyo nako mambo yalichacha. Tarsisi alikuwa akilisha mawe kwenye karasha huku ananong'ona: moja, mbili, tatu, kimya; tano, sita, saba, kimya. Wenye duara namba nne, shimo la dhahabu ambalo lilikuwa halitoi kitu, wakamjia juu. "Fundi, kwa nini unaruka namba yetu? Umetufunga!" Akawaambia ni dansi, kwenye nne unavuta pumzi. Ndiyo akazidi kujimaliza. Usukumani ukisema unajifunza kucheza, unaulizwa uko Bagalu au Bagika, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana kwa dawa, na dawa amekupa nani. Mbuke, mama lishe wa pale, akakataa kumpa wali mpaka amtajie mganga wake.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, Lukresia akapanda gari kimya kimya mpaka Kagongwa. Akaelekezwa ghala nyuma ya mashine ya mpunga. Ndani muziki unalia. Akasukuma mlango kwa bega.

"Mwanamke yuko wapi?"

Wiliam alikuwa amemshika mtu kiunoni. Akageuka jasho linamtoka. "Shikamoo, Mama Monika. Mwanamke huyu hapa." Aliyemshika kiunoni alikuwa Tarsisi.

Mwalimu wao, kijana anaitwa Luka, akaeleza haraka haraka: darasa halijapata mwanamke hata mmoja, waume zao hawawaruhusu, kwa hiyo wanaume wanashikana wenyewe. Tarsisi kwa kuwa mwepesi alipewa hatua za kike.

"Mayo!" Lukresia akamlilia mama yake. Luka akamkaribisha. Akaingia, si kwa kupenda, kwa kulinda. Muziki ulipoanza akarudi nyuma na mguu wa kulia, na mumewe naye, kwa mazoea ya kike, akarudi nyuma. Wakaachana pale katikati kama watu waliogombana. Kulinda huko kuliendelea miaka mitatu, kila Jumamosi, na kila Jumamosi akikagua ghala zima kwanza.

Kifua kilianza kumbana mwishoni mwa 2024. Walimpima kifua kikuu mara mbili, hakuwa nacho. Daktari akasema ni vumbi la mawe la miaka mingi. Kitandani Lukresia alimuuliza kwa mara ya mwisho: "Sema tu, Baba Monika, sitagomba. Kabla yangu kulikuwa na nani pale?"

Akapumua, akasema: "Hatua za mwanaume nimezijulia kwako."

"Tutaona," Lukresia akamjibu.

Tarsisi alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa kwa mkewe.

Ameacha mjane, Lukresia. Dada yake, Scolastika. Watoto, Monika na Denis. Na mjukuu mmoja. Hapo chini Lukresia aliagiza iachwe nafasi wazi, maana mnajua misibani huwa anatokea mtu ameshika mtoto. Siku tatu amekaa anatazama njia. Wamekuja wenye duara namba nne, amekuja Mbuke na sufuria zake, amekuja Luka na darasa lake lote, wanaume watupu, wanalia kuliko sisi wa ukoo. Leo asubuhi, kabla karatasi hii haijaenda kuchapwa, tulimuuliza tufanyeje na ile nafasi. Akatazama njia mara moja tena. Akasema, "Funga."

Tumefunga. Apumzike, shemeji yetu, kwa amani isiyoulizwa maswali.