Nukta za Tiberia na Mkonge wa Mzee Japheth

Baba Askofu, Bwana Chifu wetu, wachungaji mliotoka Suna na Magunga, Mzee Japheth na wazee wote wa kanisa, akina mama wenzangu, na nyinyi watoto mliojaa dirishani: nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Filister, mama yake Javan. Darasa nilifika la pili tu, lakini leo niacheni nijivune. Mtoto aliyeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwangu sasa anasoma Kiebrania, tena kutoka kulia kwenda kushoto!

Leo ni siku yake ya kuwekewa mikono awe mchungaji. Na mnajua kwa nini mwaka jana ilishindikana. Alisimama hapa hapa Oyugis akafundisha kwamba Wayahudi wa kale waliandika Neno kwa herufi peke yake, bila zile nukta ndogo za kuonyesha sauti, a ama i ama o. Mzee Japheth akainuka: "Kijana! Kwa hivyo Musa alipewa Neno nusu?" Akakataa kumwekea mkono, naye ndiye mzee wetu wa kwanza. Na kwa desturi yetu, mzee wa kwanza asipotangulia kuweka mkono, hata Askofu haweki.

Wenzangu, mama alale usingizi gani hapo? Nilimwambia, "Mwanangu, nukta ni kitu gani? Si useme tu Musa aliziandika, tumalize?"

Akacheka. "Mama, hata Wayahudi wenyewe wamebishana. Wako waliosema zilitoka Sinai pamoja na Sheria. Wako waliosema ni Ezra. Lakini wasomi wengi wanasema ni walimu wa Tiberia, mji wa kando ya ziwa, nasi ni watu wa ziwa, miaka mingi sana baada ya Yesu. Watu walikuwa wametawanyika, walimu wakaogopa usomaji utapotea."

Akaniambia alivyoingia nyumba ya ibada ya Wayahudi kule Nairobi, akaona kitabu chao cha ngozi kilichokunjwa, hakina nukta hata moja mpaka leo, na msomaji anasoma bila kukwama, kwa sababu sauti aliipokea kinywani mwa mwalimu wake.

Hapo nikakumbuka shamba langu.

Mzee Japheth, nilipofiwa na baba Javan, nani alikuja na miche ya mkonge akaipanda kwenye mpaka wetu? Si wewe? Mpaka ulikuwapo tangu babu zenu, na kila mtu mzima aliujua kwa kichwa. Lakini uliniambia, "Mama Javan, sisi tunaojua tunakwisha. Hawa watoto wataonyeshwa na nani?" Je, siku ile ulisema shamba la marehemu lilikuwa nusu? Ulilisogeza hata kidogo? Hapana. Ulililinda. Basi walimu wale wa Tiberia walifanya kazi kama yako, na Javan anawasifu wao jinsi mimi ninavyokusifu wewe.

Unacheka, Mzee? Usifiche na kofia, nimeona!

Javan, njoo mbele, piga magoti. Mzee Japheth, ile mikono iliyopanda mkonge naiomba leo juu ya kichwa cha huyu mtoto uliyemlindia shamba.

Asanteni sana kwa kumvumilia mama na maneno yake. Mimi nakaa. Wewe, Mzee, simama.