Fundi Viatu Akicheka

Kwenye treni, mpiga picha mmoja mwenye ndevu alikuwa akipanga picha zake mapajani. Mama aliyeketi kando yake akaidaka moja. "Huyu si marehemu mume wangu? Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa napita tu kwenye kibanda chake, mwaka juzi."

"Kwa hiyo ulimwiba."

Mimi niliyeketi mkabala nao nikajifanya nasoma gazeti, kumbe nimelishika kichwa chini miguu juu.

"Ningeomba ruhusa angenuna," alijitetea yule bwana.

"Hilo kweli. Kwenye kitambulisho amenuna, kwenye picha ya harusi amenuna. Hapa anacheka, na misumari ya viatu ameibana mdomoni vilevile! Miaka ishirini namwambia aiteme." Akajifuta macho kwa mtandio. "Asante, mwanangu. Asante sana. Lakini ungeomba."

"Nisamehe, mama. Chukua, nakupa."

"Hunipi wewe. Namchukua mume wangu."

Treni ikasimama. Mama akashuka, akabaki pale pale katikati ya watu, akiicheka ile picha hadi mabega yanatikisika. Mpiga picha akainua kamera dirishani, akasita, akaishusha.

Nilitamani sana angepiga.