Goti Si Bawaba: Tunamuaga Mama Aziza Feruzi

"Goti ni bawaba. Aliyewahi kutengeneza mlango amekwisha kulielewa." Hayo aliyasema Bwana Évariste Lokombe, msimamizi wa kituo chetu cha tiba ya viungo hapa Kabondo, katika mkutano wa Februari. Alikuwa anaeleza kwa nini chumba cha mazoezi kigeuzwe ghala la magodoro mara Mama Aziza Feruzi atakapostaafu, na kwa nini nafasi yake isijazwe. Wagonjwa wa goti, alisema, watapewa bandeji ya mpira na ushauri wa kupumzika. Kwa taarifa yenu, mlango wa ofisi ya Bwana Évariste haufungi.

Mama Aziza anatuacha tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Ingetosha kumsifu na kugawa soda. Lakini huwezi kumuaga mtu kwa heshima huku unaifuta kazi yake siku hiyohiyo, kwa hiyo tuanze na goti.

Bawaba ina pini moja, na mlango huizunguka pini hiyo maisha yake yote. Goti halina pini. Fupa la paja linaishia chini kwa vifundo viwili vya mviringo, vilivyokaa juu ya fupa la muundi, ambalo kichwa chake ni karibu bapa. Mguu unapokunjwa, vifundo hivyo hubingirika na kuteleza kwa pamoja. Kile cha ndani ni kirefu kidogo kuliko cha nje. Ndiyo maana mguu unaponyooka, mwishoni kabisa muundi hugeuka kidogo kuelekea nje, na goti linajifunga lenyewe. Likishajifunga, mtu anaweza kusimama misa nzima paja likiwa limepumzika. Akitaka kutembea, msuli mdogo nyuma ya goti unalifungua. Na kilegesambwa, kile kifupa kinachochezacheza mbele ya goti, kinausukuma mbele ukano wa msuli mkubwa wa paja na kuuongezea nguvu, kama fundi aliyebadilisha spana fupi kwa ndefu. Tunasubiri kuonyeshwa mlango wenye vitu hivi.

Mama Aziza, mtoto wa mtaa wa Mangobo, alijifunza hayo Kinshasa, akarudi nayo hapa Kisangani, na tangu hapo amekuwa akiyaeleza kwa sauti inayosikika hadi jikoni. Si mtu mnyenyekevu, na hatutamsingizia unyenyekevu siku ya leo.

Kazi yake kubwa ilikuwa vita dhidi ya kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni. Kwetu hapa, ndugu wa mgonjwa ndiye muuguzi wa pili: anampikia, anamwogesha, analala sakafuni karibu naye. Goti likivimba, ndugu huyo anavua kikwembe chake, anakikunja vizuri na kukiweka chini ya goti. Mgonjwa anapata nafuu kweli, kwa sababu goti lililokunjwa kidogo lina nafasi kubwa zaidi kwa maji ya uvimbe. Likikaa hivyo wiki kadhaa, nyama na kano za nyuma zinafupika, na siku ya kusimama mguu haunyooki tena. Goti lisilonyooka halijifungi. Paja linabaki kubeba mwili mzima peke yake, bila likizo, hadi uzee. Hayo yote yanaletwa na upendo, ndiyo maana ni vigumu kuyapiga marufuku.

Kila asubuhi Mama Aziza alipita wodini, akavitoa vikwembe chini ya magoti na kuviweka chini ya visigino. Alichukiwa ipasavyo. Mwaka jana alimkuta Mama Lydie, ambaye mume wake, Papa Arsène, mbeba mizigo wa treni ya Ubundu, alikuwa ameanguka kutoka kwenye behewa akavunjika paja. Wodi nzima iliwasikia.

"Mama, bwana yangu iko analia, na wewe unamunyanganya kikwembe? Unamuchukia?"

"Yeye hapana. Nachukia kikwembe."

"Bon, ukitoka nitakirudisha."

"Rudisha, mama. Na mimi nitarudi."

Walirudishiana hivyo hadi Papa Arsène alipoanza kutembea kati ya vyuma vya mazoezi. Leo amerudi kazini Ubundu. Mama Lydie, alipokuja juzi kumsalimia jirani yake wodini, kabla hata hajasalimia alichomoa kikwembe.

Hakushinda kila vita. Vijana wa toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, hushusha kiti ili miguu ifike chini kwenye matope. Goti linakunjika kupita kiasi kwa kila mzunguko, na kilegesambwa kinagandamizwa juu ya fupa la paja mchana kutwa. Mama Aziza alikwenda kwenye kituo chao Mangobo na spana yake, akapandisha viti. Waliviacha juu hadi alipopinda kona. "Mama, weye hubebi mutu," Tonton Héritier, mkubwa wao, alimwambia. Sasa Tonton Héritier ni mgonjwa wetu wa kudumu. Kiti chake bado kiko chini.

Amemfundisha Benie, mtaalamu wa tiba ya viungo mwenye diploma, ambaye anajua kazi yote na anachomoa vikwembe kwa upole. Mama Aziza anauona upole huo kuwa kasoro ndogo. Bwana Évariste amemhamishia Benie mapokezi.

Matokeo yapo tayari. Tangu Mama Aziza aanze likizo yake ya mwisho, hakuna anayepita wodini asubuhi. Joëlle, fundi cherehani wa Mangobo, amelala karibu na dirisha na kikwembe cha mama yake chini ya goti, na mguu umeanza kukataa kunyooka. Bado unaweza kurudi, kama kazi ikianza wiki hii, katika chumba kinachosubiri magodoro. Bandeji amekwisha kupewa.

Mama Aziza, asante kwa kelele. Asante kwa kila mtu anayetembea mjini humu bila kujua kwamba ni wewe uliyemkasirisha. Tunakuombea asubuhi ndefu, wajukuu wasiokaa kitako, na afya ya kuendelea kugombana nasi.

Mama Chance, mwenyekiti wa baraza la kituo, na ninyi wajumbe mliokaa naye mstari wa mbele: kabla pondu, kisamvu chetu, haijagawiwa, pigeni kura kuhusu chumba na kuhusu Benie. Ipigeni mkiwa mmesimama, magoti yamekunjwa kidogo, kama Joëlle atakavyosimama maisha yake yote mkikosea. Na asinyooshe mguu mtu yeyote hadi Bwana Évariste atakapomaliza kueleza sababu zake.